Sinia la Alasiri: Kumuaga Mama Skola wa Barazani

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka: ti, ti, ti, pete ya mama yangu ikigonga ukingo wa sinia la bati, upande wa pili wa ukuta wa ofisi. Nimeisikia kila alasiri kwa miaka mitatu, nikiwa mezani kwangu na sahani yangu, na uma wangu, na mlango umefungwa.

Pete ni ya mama. Mkono wa pili kwenye sinia hilo ni wa Bi. Scolastica Felisiani, ambaye sisi wa Barazani tunamwita Mama Skola, na ambaye anastaafu tarehe 30 Juni 2026 baada ya kuitumikia nyumba hii miaka thelathini na miwili. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake, wa kuchapwa kwenye programu ya hafla hii na kusomwa mbele yenu, kwa sababu mimi, Iman, meneja msaidizi, ndiye niliyesoma. Hivyo ndivyo alivyosema mwenye nyumba, Bi. Sauda Rahim, ambaye pia ndiye aliyenizaa. Ingefaa atafute mtu asiyemwonea wivu Mama Skola, lakini hapa Barazani sijui angempata wapi.

Kwa mgeni aliyefika leo kwa mara ya kwanza: nyumba hii ya Majengo aliijenga babu yangu, Mzee Rahim, muuza nguo na chumvi, miaka michache baada ya reli ya kutoka Kaliua kufika Mpanda. Kuta zake ni za tofali mbichi, nene kiasi kwamba paka hulala dirishani akajinyoosha apendavyo. Mbele kuna baraza, katikati ukumbi wenye vyumba pande zote mbili, nyuma kuna ua. Mzee alipofariki, mama alianza kuuza chakula katika chumba cha mbele kwa watu waliokuwa wakisubiri treni, na treni yetu, kama mjuavyo, ilijua kusubirisha watu. Hoteli hii ilizaliwa na ucheleweshaji.

Januari 1994, mvua zikiwa zimekolea, mwanamke wa Kakese aliingia na kikapu cha uyoga kichwani. Aliuza uyoga wake, akaagiza wali na maharage, akala akamaliza, kisha akatangaza mbele ya wateja kwamba chumvi imezidi. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa amepika, alimjibu: "Kama unajua, ingia jikoni." Akaingia. Kesho yake aliunguza maharage mpaka majirani wakaja kuuliza kama nyumba inaungua. Na tangu siku hiyo, ndugu zangu, Mama Skola hajajifunza kupika. Mpishi wetu Alois ni shahidi. Hadi leo akimwachia mwiko ili aende kuchukua kuni, anarudi mbio.

Mama hakumrudisha Kakese. Alimtoa jikoni akamweka mlangoni, na hapo ndipo mlango ulipopata mwenyewe.

Wengi wenu mnaufahamu utaratibu wake, kwa sababu mmepitishwa humo mkipenda msipende. Mama Skola hampi mgeni orodha ya vyakula. Kwanza anamsalimia, tena salamu kamili: umetoka wapi, nyumbani wameamkaje, mama anaendeleaje, mvua huko imenyesha? Mgeni wa Dar es Salaam mwenye haraka ya kuwahi mbugani hutazama saa yake, na Mama Skola humtazama anavyotazama saa, kisha huanza upya salamu kutoka mwanzo. Akisharidhika, yeye ndiye anayeamua mtu akae wapi. Wenye haraka barazani. Wenye watoto uani. Wanaopeleka posa, wanaosuluhishwa, na yeyote aliyevimba uso huwekwa kwenye chumba cha ndani kabisa, Chumba cha Bi Raya, kilichokuwa cha bibi yangu, ambako kuna mkeka badala ya meza na mlango wake hauna kitasa kwa ndani. Anasema hivyo ni kwa sababu mafundi walisahau. Mafundi wanasema ni yeye aliyewakataza.

Wafanyakazi wapya nawasimulia habari ya ndugu wawili wa Kawajense, ambao sitawataja kwa kuwa mmoja wao yupo kwenye hafla hii. Walikuwa hawasemezani kwa sababu ya kiwanja cha marehemu baba yao. Shangazi yao aliwaleta hapa kula, labda shibe ingesaidia. Waliagiza kila mmoja kuku wake na sahani yake. Mama Skola aliingia na sinia moja, kuku wote wawili juu ya mlima mmoja wa wali.

"Wanangu mnisamehe," alisema, "leo sahani zimetuishia."

Sahani zilikuwa kabatini, safi. Nilikuwa nimetoka kuzifuta kwa mkono wangu.

Wale ndugu walikula kimya, kila mtu upande wake, kama wenye mpaka katikati ya wali. Nyama zikapungua mpaka ikabaki moja, paja. Hapa kwetu hakuna asiyejua kinachotokea nyama ikibaki moja kwenye sinia. Mkubwa akaisukuma kwa mdogo. Mdogo akairudisha. Mkubwa akaisukuma tena, safari hii kwa nguvu mpaka ikaangukia mkekani, na mdogo akasema: "Kaka, hata kwa nyama unanigombeza?" Wakacheka. Kiwanja walikigawana baadaye kwa utaratibu wao, lakini walitoka chumbani wameshikana mabega, na Mama Skola aliwasindikiza hadi barabarani kama mama wa bwana harusi.

Nilikuwa nimesimama na kitambaa cha sahani mkononi. Mimi nimesomea usimamizi wa malikale na utalii, pale Dodoma. Nilirudi na cheti na shauku, nikakaa miezi kadhaa nikihoji wazee, nikatembelea masijala, nikaandika vibao vile vizuri mnavyoviona ukutani: nyumba ilijengwa lini, mlango ulichongwa wapi, dirisha la mninga lilirekebishwaje. Wageni husoma vibao vyangu kwa utulivu mkubwa huku wakimsubiri Mama Skola amalize na wengine.

Historia ya Mama Skola ni nyingine kabisa. Yeye anawaambia wageni kwamba mlango mkubwa ulikuja na treni katika behewa moja na simba aliyefungwa, na kwamba ile mikwaruzo ya chini ni kucha zake. Kibao changu kinasema mlango ulichongwa Tabora na mikwaruzo ni ya baiskeli. Anawaambia tundu la ukutani karibu na dirisha ni la risasi ya Mzungu wa mgodini aliyemkosa nyoka. Tundu hilo ni la msumari wa kalenda. Anasema dereva wa treni alikuwa akipiga honi mara tatu akikaribia stesheni ili bibi yangu Raya ajue amefika. Babu yangu, kama angekuwa hai, angelitaka maelezo zaidi kuhusu jambo hilo.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. Familia moja kutoka Mwanza ilikuwa imekaa uani, Mama Skola yuko kwenye simba, simba anakata kamba, nami nikapita na kusema kwa adabu kwamba kumbukumbu zilizopo hazionyeshi simba yeyote. Baba wa ile familia alinishukuru sana. Kisha akasogeza kiti chake karibu na Mama Skola, akainamisha kichwa na kumwambia: "Haya mama, akakata kamba, ikawaje?"

Niliondoka. Sikujua kwamba mtu anaweza kumwonea mwingine wivu kwa sababu ya simba ambaye hakuwahi kuwepo.

Pamoja na hayo, kama kuna nyumba ya kuandikiwa vibao, ni kwa sababu yake, na hilo ni la haki kulisema mbele yenu. Mwaka 2012 mama alipopata uwezo wa kuikarabati nyumba, fundi mkuu alishauri ukuta wa Chumba cha Bi Raya ubomolewe ili upatikane ukumbi mmoja mkubwa wa harusi. Ramani ilipita, nyundo zikaletwa. Mama alikuwa amechoka na ujenzi, akakubali. Mama Skola hakubishana na mtu. Alasiri ile alibeba sinia, akatandika mkeka chini ya ukuta uliokuwa ubomolewe, akamwita mama, wakakaa kula.

Fundi alisubiri. Kubomoa ukuta ni kumwaga vumbi, na mtu gani wa hapa kwetu atamwaga vumbi kwenye chakula cha watu, au atawaambia wanawake wawili watu wazima wainuke na mikono yao ikiwa kwenye wali? Wakala polepole sana. Vijana wa fundi wakaweka nyundo chini, wakakaa. Kesho yake walipofika asubuhi, wakakuta mkeka umeshatandikwa na uji wa ulezi unamiminwa. Mchana, wali. Alasiri, mihogo. Inasemekana siku moja walikula ndizi moja baada ya nyingine mpaka jua likazama. Mwishowe fundi alimwambia mama: "Dada Sauda, mimi nimeshindwa. Huyu mwenzako hashibi." Ukuta ukabaki. Leo chumba hicho ndicho kinachoagizwa mwanzo kuliko vyote, na watu huja kutoka Sumbawanga kuketi kwenye ule mkeka.

Mimi wakati huo nilikuwa shule ya bweni. Nilisimuliwa kwa simu. Mama alikuwa akicheka mpaka anashindwa kumaliza maneno, na nyuma yake nikamsikia Mama Skola akisema, "Mwambie na ile ya ndizi, Mama Iman, mwambie na ya ndizi!" Nilikata simu nikasema vocha imeisha. Vocha ilikuwepo.

Nimefika kwenye sinia, na hapa ndipo programu hii ingetakiwa kunipa ukurasa wa ziada.

Kila alasiri wageni wa mchana wakishaondoka, mama na Mama Skola huketi kwenye kibaraza cha jikoni na kula pamoja kwenye sinia moja. Hakuna chakula kilichowahi kuingia kwenye orodha yetu bila kupitia hapo. Samaki migebuka wa Karema wa kuchoma na ndimu walipitia hapo. Uyoga wa karanga ulipitia hapo. Kuku wa asali ya Inyonga, ambaye wageni humpiga picha kabla ya kumla, alirudishwa jikoni mara nyingi mpaka Alois akatishia kurudi kwao. Hawaandiki chochote, hawapigi kura. Wanakula, na kikibaki wanasema hakijaiva kuingia mjini. Mimi ndiye ninayeichapa orodha ya vyakula na kuipamba, lakini maamuzi ya nyumba hii nayapata yakiwa yameshapoa.

Sinia hilo lina kalenda yake. Mwezi wa Ramadhani mama akifunga, Mama Skola, ambaye ni Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza, hali mchana ule peke yake. Anasubiri hadi magharibi na sinia linahamia futari. Kwaresima ikifika, Mama Skola haonji nyama, na mama naye hali nyama kwenye sinia lile hadi Pasaka. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima vilianza karibu siku moja. Alois alizunguka jikoni akiuliza, "Sasa nyie wawili niwapikie nini, upepo?" Waliishi kwa tambi na maharage ya nazi, na sijawahi kumwona mama yangu akiwa na furaha vile katika mfungo wowote.

Na mimi? Nilikuwa nafuturu na vijana ukumbini.

Sitaki mtu afikiri kwamba mama hakunipenda. Alinisomesha, alinipa ofisi, alinipa chumba chenye dirisha zuri kuliko yote. Lakini kuna namna mama anavyocheka akiwa na Mama Skola ambayo hajawahi kuicheka akiwa na mimi, ni kicheko cha mtu aliyevua viatu. Na kwa kuwa Mama Skola humwita mama yangu Mama Iman, jina langu lilikuwa linapita ukutani mara kwa mara kila alasiri, Mama Iman hivi, Mama Iman vile, na mwenye jina nipo upande wa pili nachoma kipande cha nyama kwa uma. Nilikuwepo kwenye mazungumzo yao yote, isipokuwa mimi mwenyewe.

Mwezi uliopita tulikaa kibarazani kupanga hafla hii. Wao walikuwa wanakula. Mimi nilisimama mlangoni na karatasi. Tukakubaliana wageni, tukakubaliana keki. Kisha mama akasema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba kuanzia Julai yeye kila Jumatatu atakuwa Kakese kwa Mama Skola.

"Kufanya nini?" niliuliza.

"Kula," alisema mama. "Atakula na nani kule? Na mimi huku nitakula na nani?"

"Na mimi?"

"Wewe utashika mlango. Tumekubaliana wewe ndiye utakayechukua nafasi ya Skola kupokea wageni. Na Jumatatu utabaki na ukumbi wote."

Ndivyo nilivyopewa mlango. Miaka mitatu nilikuwa nikimtazama mtu mwingine akiwa amesimama pale, nikihesabu wageni waliopita kwangu kwenda kwake, na nilipoupata, nikagundua sikuwa nautaka mlango. Sijui nilichosema kilikujaje. Nilisema kwa sauti ambayo Alois aliisikia hadi jikoni:

"Kwa hiyo hata akistaafu mtaendelea kula bila mimi?"

Mama Skola aliacha tonge hewani.

"Bila wewe? We Iman! Tangu umerudi kutoka chuo, kila siku ukitokea hapo mlangoni mimi nakuambia nini?"

"Unaniambia karibu."

"Na wewe unanijibu nini?"

Nilijua, nikaitazama karatasi yangu.

"Anajibu, 'Asante, endeleeni,'" alisema Mama Skola akimgeukia mama. "Kila siku! Asante, endeleeni. Sasa sisi tukufanyeje, mwanangu? Tukukamate tukufunge kamba kama mbuzi?"

"Lakini watu wakiwa wanakula lazima waseme karibu," nilisema. "Hata mpita njia anaambiwa karibu. Mama, wewe ndiye uliyenifundisha. Mtoto aliyelelewa anashukuru, anapita. Asiyelelewa ndiye anayekaa."

"Hiyo nilikufundisha kwa majirani!" alisema mama. "Kwa watu! Mimi ni watu?"

"Mimi nilidhani chuoni wamekufundisha uma," alisema Mama Skola, "basi unaona kinyaa na mikono yetu. Nikamwambia mama yako, mwache, wasomi ndivyo walivyo, tusimlazimishe."

"Na mimi nikakubali," alisema mama, na sasa alikuwa anatazama chini, kwenye wali. "Ikawa kila siku ukikataa, nakula nusu."

Niliwaambia kwamba mtu anayetaka kumlisha mwanawe anasema zaidi ya karibu. Mama Skola akaniambia jambo ambalo nimelala nalo tangu siku hiyo. Alisema mtoto wa nyumbani hakaribishwi. Mtoto wa nyumbani ananawa. Nikamuuliza, kama ni hivyo, kwa nini alikuwa ananikaribisha?

"Kwa sababu ulikuwa unasimama," alisema. "Mtu amesimama mlangoni na sisi tunakula, nimwambie nini? Ondoka?"

Hapo, kama ni hadithi za Mama Skola, ningenawa nikakaa na simba angekata kamba. Lakini Agape, mhudumu wetu wa ukumbi, alikuja mbio kusema kuna msafara wa watu wa semina umeshuka barazani na hawakuwa wameagiza nafasi. Nikaenda. Niliporudi sinia lilikuwa limeshaoshwa na limeegemezwa ukutani likichuruzika maji.

Kesho yake nilifika mlangoni mapema, nimejiandaa. Mama Skola akaniona, akasema karibu, kwa mazoea. Na mimi, kwa mazoea, ulimi ukajibu wenyewe. Sote watatu tulitazamana. Mama alianza kucheka, nami nikakimbilia ofisini kwa aibu kama mtoto wa shule. Siku zilizofuata kulikuwa na wageni wa mbuga, kulikuwa na posa mbili, kulikuwa na hesabu za hafla, na ukweli ni kwamba kulikuwa na mimi. Kiburi kilichokaa miaka mitatu hakihami kwa siku moja. Kila nilipousogelea mkeka wao wa kibarazani niliona umbo la Mama Skola limeshauchukua, magoti yake, khanga yake, na nikafikiri: hapa pana watu wawili, na mtu wa tatu atakaa wapi?

Hayo ndiyo niliyotaka kuyaandika, na mama ameniambia wasifu usizidi kurasa chache. Basi nirudi kwa mstaafu.

Mama Skola anaondoka hapa akiwa na afya, isipokuwa magoti. Anakwenda kwenye shamba lake la mpunga Kakese, kwa mwanawe Danford na wajukuu ambao tayari wameshasikia habari nyingi za simba kuliko za shule. Barazani inamzawadia godoro, kiti kirefu cha mninga cha kuegemea, na sahani dazeni mbili, ili asiseme tena kwamba zimemwishia. Chumba cha Bi Raya kitabaki bila kitasa kwa ndani. Vibao vyangu vitabaki ukutani pia. Nimeongeza kimoja kidogo karibu na mlango mkubwa, chini kabisa penye mikwaruzo, kisemacho: "Kuna maelezo mengine. Waulize wenyeji."

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunakushukuru mama yetu kwa kutupokelea wageni kama ndugu waliopotea, kwa kuutetea ukuta kwa kuketi, na kwa kumchekesha mama yangu miaka yote ambayo mimi sikuwepo kumchekesha. Hilo la mwisho limekuwa gumu kuliandika kuliko yote, na nimeliandika mara mbili kabla ya kuliacha libaki. Mpunga wako uzae, magoti yakuhurumie, na kila asubuhi ikukute umekaa, si umesimama mlangoni kwa ajili ya mtu. Nenda ukaishi vizuri.

Kuna jambo moja limebaki, na si la programu, ila sina ukurasa mwingine wa kuliweka. Ratiba ya Julai nimeshaibandika jikoni tangu jana. Jumatatu zote, mlango na ukumbi ni vya Agape. Tumeshakubaliana, na amekuwa akijizoeza salamu kwa Alois mpaka Alois anamkwepa. Kashinje wa bajaji alikuwa ameambiwa na mama kwamba ni abiria mmoja wa Kakese. Nimeshamwambia ni wawili, na nimeshalipia. Mama, hili unalisikia leo pamoja na wageni, na sikusimama hapa kuomba ruhusa. Wivu haujaniisha, nakuja nao.

Na wewe Mama Skola, ukituona tunashuka, tafadhali, usiniambie karibu.